KUJULISHA SI KUOMBA RUHUSA



Leo tunataka kusema juu ya neno moja dogo. Kila mara raia wanapotaka kutembea njiani kwa kuonyesha shida yao, burgumestri, meya ao gavana anasema: « Hawakupewa ruhusa. » Redio inarudilia neno lile. Polisi wanarudilia. Na sisi wenyewe ku kazi, wakati wa kula, tunarudilia: « Kweli, hawakuwa na ruhusa, walitafuta fimbo wao wenyewe. » Ndugu, neno hili ni la uongo. Na juu ya uongo huu watu wamezikwa. Kwa hiyo tunataka kulifungua mbele yenu, kama karani anavyofungua kitabu cha hesabu mbele ya wenye feza yao.

KATIBA INASEMA NINI?

Inchi yetu iko na Katiba. Ilitangazwa siku ya 18 Februari 2006, kisha raia kuipigia kura. Katika kifungu cha 26 imeandikwa kwamba uhuru wa kuandamana ni haki, na kwamba wenye kupanga maandamano njiani ao uwanjani wana mapashwa ya kujulisha mukubwa wa serikali kwa maandishi. Kujulisha, ndugu. Haikuandikwa kuomba.

Sisi makarani tunajua tofauti ya barua hizi mbili, sababu zote zinapita mikononi mwetu. Mufanyakazi anayeomba konji anangoja jibu. Mukubwa akikataa, anabaki ku kazi. Lakini mufanyakazi anayejulisha kwamba mutoto amezaliwa kwake hangoji mukubwa wa kazi aseme: « Ndiyo, azaliwe. » Mutoto amekwisha kuzaliwa. Barua inakwenda ili jina liandikwe kitabuni na posho ihesabiwe sawasawa. Vivyo hivyo maandamano. Raia wanajulisha ili polisi wajue ni siku gani, ni njia gani, magari yapite wapi, maduka yalindwe namna gani, na waandamanaji wenyewe walindwe na wezi na wachokozi. Barua ile ni kazi kwa polisi. Si maombi ku miguu ya mukubwa.

Kiko tena kifungu cha 27, ambacho wakubwa hawapendi kukisoma kwa sauti. Kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wenzake, anaweza kuandikia mwenye utawala barua ya malalamiko, na mwenye utawala anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kinaongeza kwamba hakuna mutu atakayeshitakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ameandika barua ile. Tunauliza: katika komini yenu, ni barua ngapi za raia zilizojibiwa katika miezi mitatu? Hesabuni wenyewe, ku vidole. Mukono mumoja utatosha.

Wako wakubwa wenye kuficha uso nyuma ya sheria ya mwaka 1999. Sheria ile ilitoka wakati wa vita, miaka saba mbele ya Katiba hii. Katiba ni mama, sheria ni mutoto. Mutoto hamufungi mama yake. Mukubwa anayeshika karatasi ya zamani kwa kufuta karatasi mupya anafanya kama karani anayelipa watu kwa orodha ya wafu. Karani wa namna ile anafukuzwa. Na burgumestri je?

JIBU LINAKUJA NYUMA YA SANDUKU

Wengine watasema: « Munasumbuka bure juu ya maneno. Kuomba, kujulisha, yote ni karatasi. » Basi tuangalie mambo yaliyopita, na tutaona bei ya karatasi ile.

Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière katika muji wa Elisabethville, unaoitwa leo Lubumbashi, walisimamisha kazi. Vita ya Ulaya ilipandisha bei ya vitu, na mushahara ulibaki mudogo. Hawakuomba kiti cha mufalme. Waliomba kuongezewa mushahara. Siku ya 9 Desemba walikusanyika ku kiwanja cha mupira. Gavana wa jimbo, Bwana Maron, akafika na askari. Mazungumuzo yakaisha kwa risasi, na makumi ya watu wakafa pale pale. Ni mwaka 1946 tu ndipo serikali ya Wabelgiji iliandika kwamba wafanyakazi weusi wanaweza kuwa na vyama vyao. Miaka mitano nyuma ya makaburi.

Mwezi wa Januari 1959, kule Léopoldville, chama cha Abako kilipanga mukutano wa siku ya 4. Kukaja barua kutoka ku mukubwa wa muji, barua yenye maneno ya kutisha juu ya ruhusa, na mukutano ukarudishwa nyuma. Watu waliokwisha kufika wakakasirika, muji ukawaka, askari wakapiga risasi, makumi ya watu wakafa. Siku ya 13 Januari, siku tisa tu nyuma, mufalme Baudouin alisema ku redio kwamba Kongo itapewa uhuru. Tunauliza: neno lililoweza kusemwa siku ya 13, lilishindwa na nini kusemwa siku ya 3?

Musiseme: « Yale yalikuwa mambo ya Wazungu. » Wazungu walikwenda, lakini walituachia kiti, na wengi waliokikalia walikuta fimbo chini yake.

Mwezi wa Januari 2015 baraza la wadepite lilipitisha sheria ya uchaguzi yenye kufunga uchaguzi ku kamba ya kuhesabu watu wote wa inchi. Kila mutu alielewa: kuhesabu kutachukua miaka, na Rais Joseph Kabila atabaki. Tangu siku ya 19 Januari vijana na wanafunzi wa Kinshasa wakaingia njiani, na miji mingine pia. Mashirika ya haki za binadamu yalihesabu wafu zaidi ya 30. Siku ya 23 Januari baraza la Senati likaondoa maneno yale katika sheria. Siku nne! Kalamu iliyoondoa mustari ule ilikuwa mezani tangu mwanzo.

Mwaka 2017 tena, Wakristu wa kamati ya walei wa Kikatoliki, CLC, waliandika kujulisha kwamba wataandamana siku ya 31 Desemba, kwa kudai mukataba waliotiana wanasiasa mwaka 1 mbele yake, siku ile ile. Gavana wa Kinshasa alikataa. Sababu gani? Alisema polisi hawatoshi kwa kusimamia maandamano. Sikieni vizuri, ndugu: polisi hawatoshi. Lakini siku ilipofika, walitosha kwa kuzunguka parokia, walitosha kwa kutupa moshi wa machozi mpaka ndani ya kanisa, na intaneti ikakatwa inchi yote. Polisi wa kulinda walikosekana. Polisi wa kupiga walipatikana. Watu wakafa siku ile, na wengine siku ya 21 Januari 2018, na wengine siku ya 25 Februari. Kisha, mwezi wa Desemba 2018, uchaguzi ukafanyika, na Rais Kabila hakusimama tena. Kile ambacho raia waliomba kwa rozari mukononi kilitolewa, lakini kilitolewa kwa wale waliobaki wazima.

Na musifikiri kwamba rais akibadilika, tabia inabadilika. Mwezi wa Agosti 2023, kule Goma, kundi moja la dini lilitangaza maandamano ya kufukuza askari wa Umoja wa Mataifa. Meya aliandika kuyakataza. Siku ya 30 Agosti, alfajiri, askari wakafika. Serikali yenyewe ilisema wafu 43, na hesabu nyingine zilipita ile. Kisha korti ya kijeshi ikamuhukumu kolonele mumoja kifo. Sawa. Lakini barua ya kukataza ilitoka ku ofisi gani? Aliyeshika bunduki alihukumiwa. Aliyeshika muhuri hakuhukumiwa.

Haya ndiyo tunayotaka mushike leo. Wakubwa wetu wanajua kujibu. Wanajibu, lakini wanajibu kisha sanduku la maiti kupita njiani. Jibu ambalo lingetoka bure, kwa karatasi moja na muhuri mumoja, wanatulipisha kwa damu. Na neno « ruhusa » ndilo mulango wa kulipia.

MAJIBU YAO MENGINE

Mukubwa akiona kwamba fimbo peke yake haitoshi, ako na majibu mengine. Yote tunayajua, lakini ni vizuri kuyaandika, sababu jambo lililoandikwa halisahauliki upesi.

Jibu moja ni kuuliza: « Nani anawatuma? » Mwezi wa Machi 2015, vijana wa Lucha, kundi lililozaliwa Goma mwaka 2012, walikutana Kinshasa na wenzao wa Filimbi, pamoja na vijana wageni kutoka Senegali na Burkina Faso. Polisi wakawafunga. Ikasemwa wanapanga ugaidi. Wajumbe wa bunge wenyewe walichunguza na hawakuona alama ya ugaidi. Hata hivi Fred Bauma na Yves Makwambala walikaa gerezani mpaka mwezi wa Agosti 2016. Miezi 17, ndugu, kwa kufundishana Katiba! Mama anayelia kwa sababu bomba la maji limekauka, nani anamutuma? Kiu ndiyo inamutuma. Mufanyakazi mwenye miezi ya mushahara isiyolipwa, nani anamutuma? Tumbo la watoto ndilo linamutuma.

Jibu lingine ni kusema: « Hawa si watu wa hapa. » Hili ndilo jibu baya kupita yote, na sisi watu wa mugodi tunalijua kuliko wengine. Mwaka 1992 na 1993, wakati Gécamines ilipoanguka na mushahara ukawa maji, wafanyakazi walikuwa na haki ya kuuliza: feza ya shaba ilikwenda wapi? Wakubwa wa jimbo hawakufungua kitabu. Walionyesha kidole jirani. Watu wenye asili ya Kasai, waliozaliwa Likasi na Kolwezi, walioshuka katika shimo moja na wenzao, walifukuzwa nyumbani na kulala ku stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa pale kwa njaa na ugonjwa. Basi, jirani alipokwenda, kazi ilirudi? Mushahara ulirudi? Nyumba zao zilipata wenyeji wapya, lakini sufuria za wenyeji wapya zilibaki tupu vilevile. Mukubwa atakayewaambia kwamba kiongozi wa maandamano ni wa kabila fulani, mumuulize upesi: « Na hesabu tuliyokuuliza ni ya kabila gani? »

Jibu la tatu ni bahasha. Mukubwa anaita wasimamizi wa kundi usiku, mumoja mumoja. Anawapa bia, anawapa feza ya usafiri, anawaambia: « Ninyi ni watoto wangu. » Kesho yake kundi lina vichwa viwili: kimoja kinaandamana, na kingine kinatangaza ku redio kwamba hakuna maandamano. Wasiokubali bahasha wanaitwa wakaidi. Raia wanachoka na kusema: « Wote ni wale wale. » Na hapo mukubwa amefurahi, sababu raia aliyechoka ni mwema kwake kupita raia aliyefungwa: huyu halishwi gerezani.

Na jibu la nne ni kamati. « Tutaunda kamati ya kuchunguza. » Kamati inaundwa, wajumbe wanalipwa posho ya kila siku, wanakunywa soda, wanaandika, na maandishi yanalala katika kabati. Ufunguo wa kabati uko katika mufuko wa yule aliyechunguzwa.

WANAOGOPA SWALI GANI?

Munaweza kuuliza: mukubwa mwenye polisi, mwenye gari, mwenye redio, anaogopa nini kwa vijana thelathini wenye karatasi mukononi? Tutawaambia. Haogopi kelele. Kelele inaisha jioni. Anaogopa swali lenye hesabu ndani yake.

Ninyi munaochimba, shikeni hesabu hii. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilibadilishwa siku ya 9 Machi 2018. Inasema kompani inalipa redevansi kwa madini inayouza. Kwa shaba iliwekwa 3,5 ku 100. Kobalti, ilipotajwa mwisho wa mwaka 2018 kuwa madini ya lazima kwa inchi, ilipandishwa mpaka 10 ku 100. Na redevansi ile inagawanyika hivi: katika kila feza 100, 50 zinakwenda ku Serikali kuu, 25 ku jimbo, 10 ku mufuko wa vizazi vya kesho, na 15 ku komini, sekta ao sheferi ambapo madini yanatoka. Zile 15 hazipiti Kinshasa. Zinapaswa kuingia moja kwa moja ku hesabu ya komini katika banki. Juu yake kompani inapaswa kutoa 0,3 ku 100 ya feza yote inayopata kwa kuuza, kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi.

Basi musiseme tena: « Feza yote inaliwa Kinshasa. » Zamani tulisema vile, na ilikuwa rahisi, sababu Kinshasa ni mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini tangu mwaka 2018, sehemu moja ya feza ya shaba na kobalti inalala hapa hapa, katika ofisi tunayopita mbele yake tukienda ku kazi. Mutu wa Fungurume, mutu wa Dilala ao wa Manika kule Kolwezi, ana haki ya kuuliza burgumestri wake: Mwaka huu ziliingia ngapi? Zilitoka ngapi? Shule iko wapi? Kisima kiko wapi? Dawa ya hospitali iko wapi? Nani alitia sahihi?

Mukiuliza juu ya siasa ya dunia, mukubwa atawajibu saa nzima. Mukiuliza juu ya 15 zile, ataita polisi. Hapo ndipo munajua kwamba mumegusa jino linalouma.

KWA NINI ANAJIBU JUU, HAJIBU CHINI?

Kuna sababu moja ambayo tusiache kuisema. Mwezi wa Desemba 1957, wakati wa ukoloni bado, wenyeji wa Elisabethville na Jadotville walipiga kura mara ya kwanza kwa kuchagua washauri wa komini. Ilikuwa kura ya wanaume tu, na Muzungu alibaki juu. Lakini raia walionja jambo lile: kiongozi wa muji kutoka katika mukono wa raia. Kisha uhuru, kwa miaka mingi sana, maburgumestri na mameya wetu walitoka katika karatasi ya juu. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema burgumestri achaguliwe na washauri wa komini, na washauri wachaguliwe na raia. Raia walingoja. Ni mwezi wa Desemba 2023 tu ndipo washauri walichaguliwa, na tena katika komini za miji fulani, si kila mahali.

Mutu anayelipwa ku dirisha moja anasimama mbele ya dirisha lile. Burgumestri aliyewekwa kwa karatasi ya juu anaangalia juu. Mukimuandikia, haulizi: « Barua hii inasema kweli? » Anauliza: « Mukubwa wangu atasema nini akisikia? » Kwa hiyo kudai majibu na kudai uchaguzi wa komini ni neno moja. Washauri waliokwisha kuchaguliwa, na sisi tuliwapa kura, wajue kwamba tunawangoja. Kazi yao ya kwanza si kuvaa skafu ku sikukuu. Kazi yao ni kuangalia kitabu cha feza cha komini na kutuambia waliona nini.

NENO KWA VIKUNDI VYETU WENYEWE

Hatutaki kupiga wakubwa tu na kupaka wenzetu mafuta. Vikundi vya raia vina makosa, na makosa yale yanamupa mukubwa fimbo.

Wako wenye kuanzisha kundi leo ili waitwe mezani kesho. Wako wenye kupeleka watoto wa watu mbele ya polisi, na watoto wao wenyewe wanabaki nyumbani. Wako wenye kulia juu ya hesabu za komini, na hesabu za kundi lao haziandikwi popote. Muchango uliingia ngapi? Megafoni ilinunuliwa bei gani? Mwenye kudai risiti atoe risiti kwanza.

Tena, yule anayevunja duka la mama mwenye kuuza mikate amefanya kazi ya polisi bila kulipwa. Duka likivunjwa, kesho gazeti la wakubwa halitaandika juu ya 15 zile. Litaandika juu ya mikate. Katiba inalinda mukutano wa amani na usio na silaha. Tukishika jiwe, tumewarudishia Katiba mikononi mwao.

Na kwenu, wenzetu wa kambi munaosema: « Haya ni mambo ya vijana wasio na kazi, sisi tuko na namba ya kompani, tukae kimya. » Ndugu, vumbi ya magari ya mugodi inapita mulango wa mwenye namba na wa asiye na namba. Maji yakiharibika, hayaulizi karatasi ya mushahara. Na siku kompani itakapofuta namba yenu, mutatafuta nani wa kusimama pamoja nanyi? Wale muliowacheka njiani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

TUFANYE NINI?

Tunawaambia kazi ya karani, sababu ndiyo tunayoijua, na ni kazi inayowasumbua wakubwa kupita kelele.

Kwanza, kila jambo liandikwe. Barua ya kujulisha iwe na siku, saa, njia itakayopitwa, na majina ya wasimamizi. Pasiwe na neno « tunaomba ruhusa » ndani yake. Mukiandika neno lile, mumejifunga wenyewe. Andikeni: « Tunakujulisha, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 26. »

Pili, barua itoke katika nakala tatu, na nakala moja irudi nyumbani na muhuri wa ofisi na siku ya kupokelewa. Karani wa komini akikataa kutia muhuri, rudini na watu kumi, kwa adabu, na mungoje. Barua isiyo na muhuri haikuzaliwa.

Tatu, maswali juu ya feza yaandikwe kwa kifungu cha 27, na miezi mitatu ihesabiwe. Siku miezi ile inapoisha, liandikwe tangazo ku mulango wa kanisa, ku soko, ku chama cha wafanyakazi: « Tuliuliza siku fulani. Siku fulani miezi mitatu imeisha. Burgumestri hakujibu. » Pasiwe na tusi hata moja. Tarehe peke yake ni tusi la kutosha.

Nne, mutu asiende peke yake ku ofisi ya mukubwa usiku. Mukiitwa, nendeni watatu, muchana, na kesho yake musimulie wenzenu kila neno na kila bahasha.

Na wakubwa tunawaambia nao, bila woga na bila matusi. Tieni muhuri ku barua. Kaeni na wasimamizi mupange njia. Wekeni polisi wa kulinda. Siku ya maandamano tokeni nje, pokeeni memorandumu kwa mikono yenu, musome, mujibu. Kazi hii inaisha kwa nusu siku, haina gharama ya risasi, na hakuna muke atakayevaa nguo ya kufiwa kwa ajili yake. Mukisema haiwezekani, mutuambie kwa nini Senati iliweza kwa siku nne, na mufalme wa Wabelgiji kwa siku tisa.

Mukoloni alituita watoto, na mutoto anaomba ruhusa. Inchi hii ilipata uhuru siku ya 30 Juni 1960. Tangu siku ile hakuna mutoto katika kambi wala katika komini. Kuna raia, na raia anajulisha.

Haki! Hesabu! Umoja!